Watoto Waliovushwa Meza

Habari ya surua ililetwa na Adrienne, muuza vitumbua, na aliileta saa mbaya. Watu wamekwisha nawa, wameketi, wanamngoja Papa Godefroid aseme amina. Adrienne hakuwa mtu wa Nyumba, hakujua kwamba pale mezani kifo hakitajwi kabla ya tonge la kwanza. Alisimama mlangoni na beseni kichwani, akasema stesheni wamezika watoto watatu tangu juzi, na huyo wa tatu alikuwa akilala mkeka mmoja na Orpa wa Mama Kabedi.

Henriette alikuwa amekwisha nyoosha mkono kwenye bukari, ule ugali wao. Akaurudisha. Watu kumi na mmoja wakamtazama, halafu kila mmoja akakumbuka kwamba ana sahani mbele yake. Papa Godefroid akasema amina, kwani amina nayo ingengoja mpaka lini, na watu wakala bukari yao na sombe, kisamvu kisicho na mafuta. Hakuna aliyemuuliza Adrienne swali, naye akaenda zake akinung'unika kwamba watu wa dini wana moyo mgumu.

Sasa, kwa nini walimtazama Henriette na si mwingine? Tusidanganyane: kila mtu mzima pale mezani alijua, na hakuna aliyeruhusiwa kusema. Orpa wa Mama Kabedi alitoka tumboni mwa Henriette. Na Deborah, aliyekuwa ameketi ubavuni mwa Henriette akitoa vijiti vya sombe na kuvipanga ukingoni mwa sahani, alitoka tumboni mwa Kabedi.

Huo ndio ulikuwa mtindo wa Nyumba. Nyumba ilikuwa kule mtaa wa Panda, katika jumba ambamo zamani kampuni ililaza wageni wake. Papa Godefroid, karani mstaafu na mjane, aliomba alitunze likiwa tupu, akakusanya ndani yake watu wa maombi: Wasanga, Wabemba, Waluba wa huku Katanga na Waluba wa Kasai. Chungu kimoja, mkoba mmoja, na meza moja ndefu iliyopigiliwa kwa milango minne ya karakana ya zamani. Mtoto akiisha achishwa ziwa, wazazi wake walisimama upande mmoja wa meza, wazazi wa kabila jingine upande wa pili, na mtoto akavushwa juu ya sahani, mikono kwa mikono. Aliyemvusha alisema, "Niliyembeba si wangu." Aliyempokea alisema, "Niliyempokea si mgeni." Tangu hapo mtoto alilala chumba cha waliompokea, akabeba jina lao, na hata mama zao wakaitwa kwa watoto wa kupokea. Kwa hiyo Henriette alikuwa Mama Deborah, na Kabedi alikuwa Mama Orpa. Watoto wenyewe wangeambiwa wakifika miaka kumi na miwili, mezani, mbele ya wote.

Papa Godefroid alifundisha kwamba ukabila huanzia tumboni, na kwamba wahenga hawakukosea waliposema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Na kweli Nyumba ilikaa miaka kumi na mitatu bila mtu kumtukania mwenzake kabila. Mji mzima uliwacheka. Waliwaita wauza watoto.

Henriette na Kabedi walivushiana siku moja. Wasichana sasa walikuwa na miaka minane, na walikulia vyumba viwili vinavyotazamana, wakigombania ndoo moja. Si kwamba Henriette alinyimwa kumwona Orpa. Alimwona kila siku, alimsuka zamu yake ilipofika, alimkaripia kama mtoto wa jirani. Mtu huzoea. Siku aliposhindwa kuzoea alimbeba Deborah, akampeleka sokoni, wakarudi wamezoea wote wawili.

Kosa lilikuwa karatasi. Watu wengine wenye dini yao wangeishia kwenye maombi, lakini watu wa Nyumba walitaka hata serikali iseme ndiyo. Kalenga, mume wa Henriette, alikwenda mwenyewe ofisi ya komuni na chupa mbili za bia kwa karani, akaandikisha watoto upya: Deborah, baba yake Kalenga; Orpa, baba yake Tshimanga. Walirudi wakiimba njia nzima. Halafu ukaja mwaka huu wa tisini na mbili, redio ikaanza kusema watu wa Kasai warudi kwao, na vijana wakaanza kupita mlango kwa mlango. Panda walifika na nakala za karatasi zilezile. Papa Godefroid akawaambia humu hakuna kabila. Wakamjibu karatasi ina kabila. Wakasoma: Tshimanga, mke Kabedi, mtoto Orpa. Wakasoma na majina ya familia nyingine tatu. Wakawapa saa moja wahamie stesheni.

Siku ile Henriette alisimama barazani akamwona Orpa anatoka na sufuria kichwani, Msanga kwa baba na kwa mama, anafukuzwa kwa kuwa Mkasai. Na hakusema neno. Kalenga alikuwa amemshika mkono kwa nyuma, lakini si mkono uliomzuia. Alinyamaza kwa kuwa neno lenyewe lilikuwa haramu, na kwa kuwa mbele yake alisimama Deborah, Mkasai kwa baba na kwa mama, akimpungia Orpa mkono. Hayo yalikuwa wiki tano zilizopita. Treni iliyosemwa itawachukua ilikuwa haijafika.

*

Baada ya chakula Henriette alimkuta Kalenga uani akikung'uta viatu vya kazi. Kila asubuhi mume wake alikwenda Shituru, kiwandani, akatia sahihi, akakaa kivulini mwa mashine zilizolala mpaka saa tisa, akarudi. Mshahara haukuonekana tangu mwezi wa saba, lakini viatu alivikung'uta.

"Naenda ku gare," Henriette akasema. "Naenda kumuleta Orpa."

"Utabaambia nini?"

"Nitabaambia minye njo nilimuzala."

Kalenga akaweka kiatu chini polepole. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kufikiri jambo mpaka mwisho wake, na mwisho wa jambo kwa kawaida humtisha mtu.

"Bon. Batakuuliza: kama ni wa Kalenga, juu ya nini eko mu karatasi ya Tshimanga? Utabaelezea mambo ya kuvusha. Na bakiisha kuelewa mambo ya kuvusha, batauliza jambo ya pili." Akaelekeza kidevu upande wa bomba, ambako Deborah alikuwa akiosha sahani na kuimba. "Batauliza na ule ni wa nani."

Henriette akakaa chini pale pale, kwenye saruji. Wiki tano nzima alikuwa ameogopa kusema, na hata hofu yake haikuwa imefika huko. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo tunavyosema kila siku, na ni kweli tupu. Lakini aliyesema hivyo hakumwona mzazi aliyepata uchungu wa kulia na wa kushoto kwa wakati mmoja. Akimleta Orpa kwa ukweli, atampoteza Deborah kwa ukweli huohuo. Akimwacha Orpa, surua haiulizi karatasi.

Alimwendea Papa Godefroid. Mzee alikuwa peke yake ukumbini, anafuta meza kwa kitambaa chenye maji, kazi ambayo zamani ilikuwa ya zamu na sasa aliifanya mwenyewe. Nusu ya mabenchi hayakuwa na watu tena. Alimsikiliza bila kuacha kufuta. Alimwambia avumilie, treni itakuja, mtoto yuko na mama yake kule.

"Mama yake eko analala chini ya wagon, Papa."

Mzee akasema anajua. Akasema na yeye halali. Lakini mama mmoja akitoka leo kwenda kuchukua wa tumbo lake, kesho atatoka wa pili, na keshokutwa Nyumba itakuwa kama mitaa mingine yote, kila kuku na vifaranga vyake. Vijana wale walivunja milango tu, alisema, lakini hili litavunja kitu ambacho wao hawakukiona. Akamkumbusha Sulemani na wanawake wawili.

"Ya Sulemani ilikuwa nyepesi," Henriette akasema. "Bamama babili, mutoto mumoja, muongo mumoja. Hapa muongo haiko. Na batoto ni babili."

Papa Godefroid alikamua kitambaa chake. Alisema tu kwamba hamkatazi. Ila akitamka mbele ya watu kwamba Orpa ni wake na Kabedi si kitu, basi asije akaketi tena kwenye meza ile kana kwamba hakusema. Aliyasema kwa upole, na upole huo ulimuuma Henriette kuliko ukali. Mzee huyu ndiye aliyemfungisha ndoa. Henriette alitoka ukumbini akiwa na hasira naye, na hasira nyingine, kubwa zaidi, kwa sababu alikuwa bado anampenda.

*

Asubuhi Kalenga alipotoka kwenda kutia sahihi yake, Henriette alifunga gauni moja safi la Deborah katika kitambaa, akamwambia Deborah asitoke uani hata akiitwa na nani, akashika njia ya stesheni.

Kuingia hakukuwa na shida. Vijana waliolinda lango walikuwa wamekalia madawati ya shule, na mkubwa wao, mmoja aitwaye Alexis, mgeni katika mji, alimuuliza shida yake. Henriette akasema anakuja kununua. Alexis akampisha bila kumtazama mara mbili. Kila siku watu wa mji walikuja kununua vitu vya waliofukuzwa kwa bei ya kuokota, na wengine walikuja wamevaa nguo za kanisani.

Kwa hiyo alipopita kati ya mabehewa watu walimwonyesha vitu vyao. Mwalimu mmoja aliyemfundisha mtoto wa dada yake alimnyooshea redio. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alifungua kitambaa akamwonyesha visu na uma, seti nzima, hakuna hata kimoja kilichopotea, alisema. Henriette alijibu hapana, hapana, aksanti, akaharakisha, na kila hapana ilimwingia kama aibu mpya. Harufu ya pale sitaieleza. Watu elfu kadhaa, bomba moja, na mvua ya usiku iliyopita.

Kabedi alikuwa ubavuni mwa behewa la mwisho, chini ya turubai lililofungwa kwenye mpini wa mlango. Amekonda mpaka masikio yameonekana makubwa. Tshimanga, mume wake, fundi umeme wa miaka ishirini kazini, alikuwa amekalia sanduku na bidoni la maji mbele yake. Orpa alikuwa amelala kwenye mkeka, na kando yake nafasi ya yule mtoto aliyezikwa ilikuwa wazi.

"Mama Deborah," Kabedi akasema.

"Yaya. Mama Orpa," Henriette akasema, yaya kwa maana ya dada mkubwa.

Wakashikana mikono. Kabedi hakuuliza habari za Nyumba, wala nani amechukua chumba chake. Aliuliza jambo moja, la Deborah. "Jino yake ya mbele ilianguka?"

"Mbili. Anasema na 'fff' tu sasa."

Kabedi akacheka, akaziba mdomo. Machozi yakamtoka akiwa bado anacheka, akayafuta haraka kwa kiganja. Akasema Deborah asiletwe hapa hata siku moja, kwa wema wowote, maana mtoto akisimama kando yake hata kipofu atajua. Henriette akaitikia. Halafu akakivuta kile kifurushi cha gauni kifuani.

"Unakuya kumubeba," Kabedi akasema.

"Ninakuya kukuuliza, yaya."

"Hapana kuniuliza. Ukiniuliza nitakatala." Akaangalia mkeka. "Ule mutoto ingine, minye njo nilimuosha mbele bamuzike. Nilimuosha na hii mikono, na Orpa eko ananiletea maji. Mubebe leo."

Henriette akamweleza, kwa sauti ya chini, alichosema Kalenga kuhusu swali la pili. Kabedi alisikiliza akiwa amefumba macho. Alikuwa siku zote mwenye akili ya haraka kuliko wote Nyumbani; ugomvi wa jikoni ulipozuka yeye ndiye aliyeumaliza kwa neno moja, mara nyingine neno lenyewe la uongo, na watu wakamsamehe kwa kuwa walishibishwa. Alipofumbua macho alikuwa amekwisha amua.

"Ku lango nitasema minye," akasema. "Weye nyamaza. Weye uongo hauuwezi. Na kintu chochote nitasema, usilie."

Tshimanga alikuwa amesikia yote. Aliinuka, akamwamsha Orpa, akamwekea mkono kichwani na kumwambia aende na mama mpaka langoni, na awe msikivu. Kisha akachukua bidoni lake akaelekea bombani. Lilikuwa limejaa maji. Alitembea nalo hivyohivyo, limemwinamisha upande mmoja, mpaka akapotea kati ya watu.

*

Kutoka ndiko kulikokuwa na shida. Alexis alisimama mara alipomwona mtoto.

"Unanunua mutoto?" akamuuliza Henriette, na wenzake wawili wakacheka.

Kabedi akasogea mbele, mikono ameikunja kifuani kama watumishi wanavyosimama mbele ya mabwana. Akasema asamehewe, mtoto huyu si wake, ni mtoto wa madame. Yeye alikuwa boyesse kwa madame, mtumishi wa ndani, akipika na kufua. Mtoto alimzoea. Siku ya kufukuzwa alimfuata nyuma na yeye hakumrudisha.

Alexis akachukua daftari la ugawaji wa unga, akapitisha kidole. "Hapa inaandikwa Orpa, mutoto ya Tshimanga."

"Ni minye nilimuandikisha vile," Kabedi akasema. "Juu ya kupata kipimo ya bunga. Bunga ya mutoto."

"Mwizi," mmoja wa vijana akasema.

"Njala, papa," Kabedi akasema. "Munisamehe."

Alimwita papa kijana ambaye angeweza kumzaa. Henriette alitazama chini. Aliona vidole vya miguu ya Kabedi vimejikunja kwenye changarawe, na akajua kwamba huko chini ndiko mwanamke yule alikoshikilia. Alexis hakuwa mpumbavu. Alichuchumaa mbele ya Orpa, akamshika kidevu, akamuuliza kwa sauti nzuri kabisa ni nani mama yake.

Orpa akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipuuzi. Akanyoosha kidole kwa Kabedi. "Ule."

Hakuna aliyecheka. Kabedi akaupiga ule mkono wa mtoto ukashuka.

"Nilikukataza kuniita vile!" akasema, na sauti yake haikuwa sauti ambayo Orpa aliijua. "Mara ngapi nilikukataza? Mama yako njo huyu hapa. Minye ni mutumishi. Unaona sasa, unaniletea mambo."

Mtoto aliuficha ule mkono nyuma. Alexis akasimama, akawatazama hawa wawili, mwenye viatu na asiye navyo. Akasema vizuri, kama ni mtumishi wake basi ampanguse viatu madame, vina tope, tuone kazi. Alisema akitabasamu. Nadhani alikuwa ameanza kuamini, alitaka tu kujifurahisha kidogo. Siku za kulinda lango ni ndefu.

Kabedi akapiga magoti. Akashika ncha ya kitenge chake mwenyewe, akaitemea mate, akapangusa kiatu cha kulia cha Henriette, kisigino na ncha, akahamia cha kushoto. Alipangusa vizuri. Hakuharakisha. Na Henriette, ambaye mwanamke yule alimshika kiuno usiku wa kumzaa Orpa, ambaye alimfundisha kusonga bukari ya watu thelathini, alisimama wima na kumtolea mguu wa pili ulipohitajika. Aliambiwa asilie na hakulia. Kitu hicho atakijibia mbele ya Mungu, na sijui kama kitahesabiwa dhambi au nini.

"Na weye, madame?" Alexis akasema. "Ni mutoto yako, ao haiko mutoto yako?"

"Ni yangu," Henriette akasema.

Neno alilolinyima mdomo wake miaka sita lilitoka jepesi tu. Hakusikia furaha yoyote. Alexis akafuta jina la Orpa daftarini, akasema kuanzia leo kipimo cha unga kitapungua, na Kabedi akashukuru. Kisha akainuka, akajikung'uta magoti, akamwinamia mtoto bila kumgusa.

"Enda na maman, mademoiselle," akasema.

Akageuka akarudi kwenye mabehewa. Henriette alimshika Orpa mkono na mtoto hakuukataa, lakini haukuwa mkono wa mtu, ulikuwa kitu tu alichoachiwa akibebe.

*

Njia nzima mpaka Panda Orpa hakusema. Hakulia, hakugeuka nyuma. Henriette alijaribu kumwambia habari za Deborah na meno yake mawili, za paka wa Nyumba aliyezaa katika kapu la makaa. Mwishoni akaacha. Alitaka kumweleza kwamba yale yote langoni yalikuwa maneno ya kumtoa, lakini njiani kulikuwa na watu, na mtoto wa miaka minane akipewa siri ataitoa kwa mtu wa kwanza atakayempa peremende. Angemweleza lini basi? Hakujua.

Papa Godefroid alikuwa mlangoni. Alimtazama mtoto, akamtazama Henriette, akauliza kama alisema.

"Nilisema. Lakini Mama Orpa alisema kunipita."

Akamsimulia kwa maneno machache, hata la viatu. Mzee aliegemea kizingiti. Hakuna aliyemsikia akirudia lile sharti lake la meza, siku ile wala baadaye. Alikwenda jikoni mwenyewe kuwasha moto wa maji ya kuoga.

Deborah alikuja mbio akimwita Orpa kwa mdomo usio na meno ya mbele, akataka kumkumbatia. Henriette akamzuia, akasema kwanza maji na sabuni, ugonjwa wa stesheni haujulikani. Akamsimamisha Orpa ndani ya karai uani, akamvua nguo, akamkagua nyuma ya masikio, shingoni, tumboni. Hakuona upele. Alimkagua tena mara ya pili, na mara hiyo hakuwa anatafuta upele. Tangu ameachishwa ziwa hakuwa amemwona mtoto huyu mwili mzima. Alikuwa na kovu chini ya goti ambalo Henriette hakujua lilitoka wapi. Kabedi angejua.

"Mama Deborah," Orpa akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake tangu langoni.

"Sema, mwana."

"Mulikuwa munamulipa ngapi?"

"Nani?"

"Ule boyesse."

Sabuni ikamponyoka Henriette ikazama majini. Aliitafuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Angeweza kutaja kiasi chochote, na pengine ingekuwa salama zaidi kwa wote. Kabedi angekitaja bila kupepesa macho. Lakini Kabedi alikwisha sema kweli alipomwambia kwamba uongo yeye hauwezi.

"Hatukumulipa," akasema.

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Orpa alifikiri, amekunja uso kwa jua. Maji yalimtiririka kidevuni.

"Basi ni mama," akasema, akageuza mgongo apakwe sabuni.